Bolti ya Nne

Saa saba mchana, Hermosillo, nyuzi arobaini na sita.
Lami inanata kwenye kiatu kama ubani uliotafunwa,
na don Nabor Yocupicio anaingia gerejini na Tsuru yake nyeupe,
vioo vyote vimefungwa, redio inapiga mayowe,
yeye mwenyewe ameloa kama aliyeoga na nguo.
Anazima redio. "Sikia, Eduviges," ananiambia.
"Kuna mtu humu ndani anatikisa kopo la njugu."

Kizime kiyoyozi, nikasema.
Akabonyeza. Kimya. Injini tu, ikikoroma kizee.
Kiwashe.
Chakara-chakara-chakara.
Basi si ekzosi, si tapeti,
si lile bati la chini alilolikwaruza kwenye njia ya Kino.
Ni kiyoyozi. Hapo nusu ya kazi imekwisha;
nusu iliyobaki ndiyo ilayo siku nzima.

Nikaanza na wasio na hatia, ndiyo desturi yangu.
Nikaishusha feni ya dashibodi, nikachokora:
mbegu tatu za mgunga, unyoya wa njiwa,
risiti ya duka la samaki, wino umekufa.
Nikammwagia kiganjani. Akazitazama
kama mtu aliyeletewa mahari pungufu.
Nikawasha tena.
Chakara.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya kompresa,
mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la kushoto
(la kulia nililiacha kiwandani Guaymas, miaka tisa ya nyundo).
Beringi ya puli inazunguka, haisagi kitu.
Klachi inabana, tap. Inaachia, tap. Safi.
Mkanda hauna ufa. Gesi imejaa.
Kila ninayemhoji ana shahidi wake.

Nikazima, nikangoja, nikaikamata kompresa kwa mkono.
Ikacheza.
Ikacheza kama jino la mtoto usiku wa mwisho.
Nikamulika tochi chini ya kishikizo:
matundu manne, bolti tatu.
Tundu la nne lilikuwa tupu, na hesi zake ziling'aa,
hazina kutu wala mkwaruzo.
Bolti inayojing'oa huacha kovu.
Hii haikujing'oa. Hii haikurudishwa.

Aprili. Altaneta. Ni mimi niliyeifungua.
Ramsés alipiga simu kutoka Tijuana, ana habari, hana habari,
nikatoka nje na simu kutafuta kivuli,
nikarudi na moyo uko kwingine,
nikafunga boneti, nikaandika bei, nikapokea pesa.

Juu ya rafu kuna kopo la maziwa ya unga.
Bolti za sakafuni huishia humo, zile zisizo na mwenyewe.
Nikaliteremsha, nikalitikisa nipate kuona za chini,
chakara-chakara-chakara,
na don Nabor akaruka kitini:
"Hiyo! Hiyo hiyo!"

Nikaipata. Kichwa cha kumi na tatu, shingo ndefu.
Iliingia tunduni kama ulimi kinywani.
Nikawasha: pumzi baridi, na ukimya
mpana kiasi kwamba nilisikia jokofu la jirani.

"Kumbe ilidondoka?" akauliza,
pochi tayari imefunguka.
Ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo, lina silabi mbili,
lingelipa umeme wa wiki.
"Hapana," nikasema. "Niliisahau mimi."

Alinyamaza. Alifuta shingo kwa leso.
"Miezi minne," akasema, "nimekuwa nikiongeza redio."
Hakusema amenisamehe. Hakusema atarudi.
Akapandisha vioo, akaondoka polepole,
na gari lake halikusema kitu mpaka kona ya soko.

Nikalimwaga kopo juu ya meza, nikahesabu.
Zimebaki bolti kumi na moja.
Sijui ni za nani.